Nyapara ni Mtoto wa Nyumbani

Mwenye stoo anaishi Nairobi, na kila akitoka kunywa kahawa na matajiri wenzake hunipigia simu mimi nyapara wake kunipa ushauri wa kusimamia watu. Safari hii alinilipia semina kabisa, Kisumu, kwenye hoteli inayotazama ziwa. Kijana mmoja mwenye viatu vya kung'aa akatufundisha kwamba matatizo yote ya wafanyakazi yana dawa moja: mwite mhusika faraghani, mweleze kosa lake bila hasira, msikilize, kisha mwandikiane makubaliano. Nikala samaki wao, nikachukua cheti, nikapanda matatu za kurudi Busia na za kushuka Nangina. Njia nzima najiuliza huyo kijana faragha yake huipata wapi.

Hapa Nangina ukimvuta mtu pembeni ya stoo kumuuliza kwa nini amechelewa, mama wa mandazi ng'ambo ya barabara ameshasikia. Amempigia dada yake aliye Funyula. Kabla hujafika sentensi ya pili, simu yako inaita, ni mke wako anauliza kwa nini unawafokea watoto wa watu hadharani.

Stoo yetu si kubwa. Tunapokea mahindi, maharagwe na wimbi kutoka Uganda kupitia Busia, mara mojamoja kupitia Malaba, na omena kutoka Sio Port na Port Victoria. Tunapima, tunapanga, tunauza kwa jumla. Pana wapakiaji, karani wa mizani, mlinzi wa usiku na mama wa chai. Yule kijana wa Kisumu akiwatazama ataona wafanyakazi. Mimi nikiwatazama naona kikao cha ukoo. Karani ni binti wa shangazi yangu. Mlinzi ni mulamwa wangu, ndugu wa mke wangu, na kwa kuwa mahari yangu ilibaki na upungufu wa ng'ombe mmoja, kila nikimwambia asilale zamu ananiuliza yule ng'ombe yuko wapi. Mpakiaji mwenye nguvu kuliko wote ana miaka 23, lakini kwa hesabu za ukoo ni ndugu wa marehemu baba yangu. Namwita baba mdogo, naye ananiita mwanangu. Sasa nambie wewe, mwana anampaje baba yake barua ya onyo?

Wazee wetu Wasamia walichimba mawe ya chuma kwenye vilima hivi, wakayayeyusha, wakafua majembe yaliyonunuliwa hadi kwa Wajaluo. Kazi ya moto, makaa, mivukuto na watu wengi. Nimezisikia hadithi zake tangu utotoni, na hakuna hata moja inayomtaja nyapara. Nashuku kila aliyeteuliwa alivukia Uganda usiku huohuo.

Ukiniuliza tatizo langu kubwa ni lipi, sitataja uvivu wala udokozi. Nitataja matanga. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 ninayo mezani, kurasa zake zimeshika harufu ya omena. Inampa mfanyakazi siku 21 za likizo kwa mwaka. Mama aliyejifungua ana miezi mitatu, baba wa mtoto ana wiki mbili. Mgonjwa aliyetimiza miezi miwili kazini hupata siku saba za mshahara kamili na nyingine saba za nusu mshahara. Nikaisoma yote nikitafuta kifo. Kimo, kifungu cha 24, lakini ni kifo cha mfanyakazi mwenyewe. Kifo cha nyanya yake hakimo, hayo mtaelewana wenyewe na mwajiri. Na mwajiri yuko Nairobi. Kwa hiyo wa kuelewana naye ni mimi.

Kule kwenye semina tuliambiwa kwamba mfanyakazi akizika nyanya mara ya tatu, huyo ni mwongo. Wenzetu wa Nairobi wakaangua kicheko. Sisi wa Magharibi tukatazama sahani zetu. Babu mwenye wake watatu anakuachia nyanya watatu, na dada zao wote ni kukhu, yaani nyanya vilevile, na huko kwa mama nako hesabu inaanza upya. Isitoshe, Mwingereza alipouhamisha mpaka mwaka 1902, akalitoa eneo hili Uganda na kulitia upande wa Kenya, hakuuliza kukhu wa nani analala wapi. Wasamia wengine wakabaki huku, wengine wakabaki kule Samia-Bugwe, na hadi leo mtu anaweza kuamka Kenya, akazike Uganda, arudi jioni akiwa na msiba halali usio na muhuri wowote.

Karani wangu alipoomba ruhusa ya kumzika kukhu wa tatu ndani ya mwaka mmoja, nilikumbuka semina nikakaza uso. Nikamwambia, dada yangu, safari hii niletee ushahidi, ile programu ya mazishi yenye picha ya rangi. Hakubisha. Kesho yake akaniwekea zote tatu juu ya mizani, moja juu ya nyingine. Nyuso tatu tofauti, vitambaa vitatu tofauti kichwani. Nikaifungua ile ya tatu, nikashuka na orodha ya wajukuu, na nambari ya kumi na moja nikakutana na jina langu, na mbele yake neno "mchango" likifuatwa na nafasi tupu. Tulifunga stoo, tukaenda wote.

Halafu kuna mpaka wenyewe, ambao kwangu ni mfanyakazi wa ziada anayeleta visingizio. Mnamo Februari 2018 Rais Kenyatta na Rais Museveni walikuja Busia kuzindua kituo cha pamoja cha forodha, ili lori likaguliwe mara moja tu badala ya mara mbili. Nilishangilia kuliko wenye malori. Nilipiga hesabu kwamba ukaguzi ukipungua kwa nusu, uongo wa madereva nao utapungua kwa nusu. Wapi! Dereva anapiga simu kwamba yuko kwenye foleni Malaba, na nyuma yake nasikia sufuria, mhudumu akiuliza kama matoke aongeze na mchuzi wa njugu. Foleni za Malaba ni za kweli, nani asiyekumbuka mwaka 2020 wakati madereva walipokuwa wakingoja majibu ya korona huku malori yamepangana hadi macho yanachoka? Ndiyo maana kisingizio hiki hakizeeki. Ukikipinga unaonekana huna utu.

Na simu. Huku kwetu, ukisogea kidogo upande wa ziwa au ukikaribia Busia, simu yako inaweza kunasa mtandao wa Uganda bila kukuomba ruhusa. Basi mpakiaji asipopatikana Jumatatu asubuhi, huja Jumanne na maelezo kwamba yeye alikuwa nyumbani, ila simu ndiyo iliyovuka.

Suala la advansi za mshahara nitalipitia haraka kwa sababu linaniumiza. Sheria inataka makato yote yasizidi theluthi mbili za mshahara wa mtu, ili abaki na kitu mkononi. Kifungu kizuri, cha kumlinda mnyonge. Baba mdogo alikisikia redioni, akaja na tafsiri yake kwamba serikali imemruhusu kila mfanyakazi kukopa theluthi mbili kabla ya tarehe 15. "Mwanangu," akaniambia, "hata mimi sikujua, lakini sheria ni sheria."

Sasa nije kwenye kikao cha mlinzi. Alfajiri moja nilifika mapema kupokea lori, nikamkuta mlinzi amelala juu ya magunia ya maharagwe, tochi inawaka kifuani, na kichupa cha waragi kimesimama wima kando yake. Hakuna kilichoibwa. Ila huwezi kuliacha hivihivi, maana kifungu cha 44 kinalitaja waziwazi kosa la kulewa hadi kushindwa kazi, na kwa hilo mtu anaweza kupigwa kalamu papo hapo. Lakini ukirudi kifungu cha 41 unaambiwa polepole, kwanza umweleze kosa lake kwa lugha anayoielewa, awepo na mwenzake wa kazini aliyemchagua mwenyewe, na wote wawili wasikilizwe kabla hujaamua. Nikasema sawa, tufuate sheria. Tukatoa viti chini ya mwembe. Karani akashika daftari la kumbukumbu. Mlinzi akaulizwa anamchagua nani, akamchagua baba mdogo.

Nikaanza kwa Kiswahili sanifu, kile cha barua. Mlinzi akanyoosha mkono. Akasema Kiswahili anakielewa cha sokoni, hiki cha leo kinamshinda, angeomba Kisamia. Ni haki yake. Basi nikaingia Kisamia, na hapo ndipo aliponinasa, maana hakuna mtu mwenye adabu anayefungua shauri na mulamwa wake kwa Kisamia bila salamu. Lazima umuulize wa nyumbani wameamkaje. Lazima umuulize watoto. Lazima umuulize mvua kwao imenyeshaje, mihogo iko vipi, mifugo iko vipi.

"Mifugo," akajibu mlinzi taratibu, "imepungua kwa mmoja, mulamwa. Unajua wewe."

Baba mdogo akakohoa. Aliitwa kama shahidi, lakini kwa umri wa ukoo ndiye mzee pekee aliyekuwapo chini ya mwembe ule, kwa hiyo uenyekiti ulihamia kwake wenyewe bila kura. Akasema mambo mawili haya hayatengani. Mtu anayelinda mali ya mkwe asiyemaliza mahari, usingizi wake una sababu. Mama wa chai, ambaye hakuna aliyemwalika, akaunga mkono kutoka jikoni. Dereva wa lori, Mganda wa Tororo aliyekuwa akisubiri kushushiwa mzigo, akavuta gunia tupu akakaa, akasema hata kwao ni hivyohivyo. Nikajaribu kurudisha shauri kwenye waragi. Mlinzi akakiri bila ubishi, akaomba radhi vizuri mno, kwa unyenyekevu ulionipunguzia nguvu, na kila mtu akanitazama kuona nami nitakiri lini.

Karani aliandika kwa mwandiko wake mzuri: "Maafikiano. Moja, mlinzi ameonywa. Mbili, ng'ombe kabla ya Desemba." Nikatuma picha ya ukurasa huo Nairobi kama nilivyoagizwa. Mdosi akapiga simu mchana. Hakuuliza habari ya mlinzi wala ya waragi. Aliuliza huyo ng'ombe anatoka kwenye hesabu ya stoo au vipi.

Baada ya hapo niliapa kwamba mfanyakazi atakayefuata atakuwa mgeni. Nikapata kijana Mteso kutoka upande wa Amagoro, kimya, mrefu, hana shangazi hapa, hana kukhu hapa, hata salamu zetu alikuwa anazijibu kwa makosa. Jamani, raha niliyoiona! Saa moja asubuhi yuko mlangoni. Ukimtuma anakwenda. Ukimkemea anasema ndiyo mkubwa. Niliwahi kusimama kwenye kona ya stoo nikimwonyesha magunia ya kuhamisha ambayo hayakuwa na haja ya kuhama, ili tu nimsikie mtu akisema ndiyo mkubwa.

Lakini mizani ina karani, na karani hana mume. Niliona kijana anachelewa kuondoka jioni. Nikaona karani ameanza kupima omena huku akiimba. Siku ujumbe wa wazee kutoka Amagoro uliposhuka kwa shangazi, nilikuwa nimeketi upande wa kupokea wageni, na kijana alipoinua macho akaniona, aliniita mulamwa mbele ya watu. Tangu wiki hiyo anachelewa kama sisi wote, na simu yake nayo imejifunza kuvuka mpaka.

Nimpe haki yake lakini. Huyu ndiye mfanyakazi wangu pekee ninayeweza kumsimamia, na si kwa sababu ya cheti cha Kisumu. Mahari yake bado hajaimaliza. Nikimuuliza gunia limekaa wapi anazungusha maneno, ila nikimuuliza kwa sauti ya chini ng'ombe wa shangazi wamefika wangapi, anabeba magunia mawili kwa mpigo. Mlinzi hunitazama nikifanya hivyo, anatikisa kichwa, anacheka peke yake.

Waheshimiwa wabunge, mkiamua siku moja kuandika siku za matanga kwenye sheria, nawaomba muandike pia ni kukhu wangapi kwa kila mfanyakazi, na kama wa ng'ambo ya mpaka wanahesabiwa. Kwa sasa hali ni hii: Ijumaa linaingia lori la mahindi kutoka Busia, na Ijumaa hiyohiyo kuna mazishi Samia-Bugwe. Wapakiaji wote wameomba ruhusa, karani ameomba, Mteso ameomba kama mkwe, nami jina langu limo kwenye programu. Msomaji yeyote mwenye mgongo wenye nguvu na asiye na ukoo Samia, huku wala kule, afike stoo saa moja asubuhi. Mlinzi atakuwepo, mwamshe kwa heshima.