Gauni Limetoka Vizuri

"Gauni naiona," mama wa bibi harusi aliniambia wiki iliyopita pale Base Camp, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, albamu ikiwa wazi mbele ya wazee wa pande zote mbili. "Sasa fundi, mtoto wangu iko wapi?"

Nikamwonyesha. Akavaa miwani. Akaisogeza albamu dirishani, akairudisha, akampa shemeji yake naye ajaribu. Gauni lilikuwepo, kila shanga, kila uzi wa lesi. Juu ya gauni palikuwa na meno. Mzee mmoja akauliza kama tulipiga usiku. Harusi ilikuwa saa saba mchana, jua la Nakivale utosini. Mjomba wa bwana harusi, mtu mpole, akasema tusigombane, walau tumebaki na kumbukumbu ya gauni, maana lilikodiwa Mbarara na limesharudishwa.

Naeleza hapa kwa sababu kule hakuna aliyetaka kunisikiliza. Mita iliyo ndani ya kamera yangu haijui harusi. Haijui uso wala shela. Inapima mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu, na tangu kiwandani imeaminishwa kwamba dunia, ukiichanganya yote, hurudisha kama asilimia 18 ya mwanga unaoiangukia, yaani kijivu cha wastani. Ni mpishi aliyefundishwa uji tu: mpe mchele, mpe nyama, atakuletea uji. Jaza fremu kwa gauni jeupe, linalorudisha asilimia 80 hivi, mita inashtuka, inaona mwanga umezidi, inaubana mpaka gauni lisogee kwenye kijivu. Kutoka 18 hadi 72 ni stopu mbili, maana kila stopu ni mwanga mara mbili. Basi uso wa binti wa Kivu, Kongo, ambao tangu mwanzo uko chini ya hicho kijivu, unaachiwa robo ya mwanga wake.

Dawa zipo. Unaweza kupima nukta moja tu, ukalenga shavu, kamera ikasahau gauni. Lakini shavu jeusi nalo mita inataka kulipandisha hadi kijivu, na bibi harusi anatoka na poda ambayo hakuinunua, gauni likiungua. Inabidi upunguze stopu nzima kwa kidole chako, na mchungaji hasubiri kidole cha mtu. Kuna histogramu pia, ule mchoro wa mlima nyuma ya kamera, weusi kushoto na weupe kulia. Naiamini kuliko skrini, kwani juani skrini huonyesha kila picha kuwa giza, na ndani ya tenti kila picha ni nzuri. Ila histogramu huhesabu nukta, haihesabu watu. Uso ni kisehemu kidogo cha fremu. Ukipotea, mlima hautikisiki.

Ndiyo maana Jumamosi nilikwenda kwenye harusi nyingine na mita ya mkononi, ile yenye kichwa cheupe cha duara. Hii haiulizi gauni lolote. Inapima mwanga unaomwangukia mtu kabla haujagusa nguo, kwa hiyo mwenye kanzu nyeupe na mwenye suti nyeusi wanapata hesabu moja. Unaishika chini ya kidevu, kichwa chake kikielekea kamera. Nikaishika chini ya kidevu cha baba mkwe. Mzee akaitazama, akakohoa, akajiweka sawa: "Kwa niaba ya ukoo..." Akaihutubia mita yangu tangu walipovuka mpaka wa Bunagana hadi mbuzi wa mahari ambao hawajafika. Watu wakapiga makofi. Emsii akanifuata pembeni kuniazima maiki, maana ya kwake ilikuwa inakwaruza. Nilipomsogelea shangazi, alinipa paji la uso; alidhani napima homa.

Na mita ya kamera haikosei harusini tu. Mahafali Mbarara: majoho meusi, ikamwaga mwanga wote, nyuso zikaungua. Yangeyange wa Ziwa Nakivale: kijivu.

Kicheko kinaniishia ninapofika kwenye historia. Kwa miaka mingi maabara za picha za rangi zilirekebisha mitambo kwa kadi ya Kodak yenye picha ya mwanamke Mzungu, iliyojulikana kwa jina la Shirley. Shirley akipendeza, mambo sawa. Wakuu wa zamani wa kampuni hiyo walisimulia baadaye kwamba msukumo wa kuboresha filamu ili isome rangi nzito ulitoka kwa watengenezaji wa fanicha na wa chokoleti, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazionekani vizuri. Ubao ulilalamika, ukasikilizwa. Watu bado: jirani yangu alipigwa picha ya kitambulisho dirisha likiwa mgongoni kwake. Kikatoka kivuli chenye masikio. Akaambiwa arudi siku nyingine kwa kuwa uso wake hausomeki. Uso wake, si dirisha lao! Akapoteza nauli ya boda na nafasi yake kwenye foleni ya mgao, na aliyempiga hata pazia hakuvuta.

Kadi ya kijivu ya kupimia mwanga madukani nilikouliza haipo, kwa hiyo mita ya mkononi ikiisha betri natumia kiganja. Viganja vyetu havipishani sana, mweusi kwa mweupe, na hurudisha mwanga takriban stopu moja juu ya kijivu. Basi nikija kwenye harusi yenu nikakuomba unyooshe kiganja chako mbele ya lenzi, kinyooshe utulie. Sikutabirii wala sikuombei dua, na salio silidai mpaka picha zitoke.