Sifa za Staji

Wengine na wasifu ndoa, wengine wasifu vita. Mimi nasifu staji, ile miaka miwili ambayo sheria ya tarehe 28 Septemba 1979 inamdai kila mwanasheria wa Kongo kabla jina lake halijaingia kwenye orodha ya mawakili kamili. Kule New York mtihani wa uwakili unachukua siku mbili. Maskini! Siku mbili zimfundishe mtu nini? Wetu hauna kalamu wala karatasi, na msimamizi wake hasinzii.

Tazama inavyomlea mtoto wa watu. Ametoka UOB au UCB, vyuo vikuu vya Bukavu, na diploma yake, sheria ya familia anaijua kwa vifungu, rohoni ameshakuwa jaji. Staji inamkabidhi mkoba wa patroni, yaani wakili anayemsimamia, na kumteremsha kwa miguu toka Kadutu mpaka Ibanda, toga ya kuazima imekunjwa ndani ya sasheti matope yasiiguse. Mahakamani anajifunza hotuba kuu kuliko zote za kazi hii, nayo ni kuomba remizi, yaani kesi iahirishwe. Patroni hayupo, faili halijakamilika, mteja yuko Uvira na barabara imekatika: tunaomba remizi. Anayeiomba kwa uso wa huzuni na Kifaransa kisicho na kosa, huyo keshafaulu nusu.

Tena staji inamcha Mungu. Patroni akiamka vizuri hutoa pesa ya pikipiki ya kwenda. Ya kurudi ni imani. Halafu kuna pro deo, utetezi wa bure, ambapo asiye na kitu anatetewa na asiye na kitu. (Hapo mzaha unanishinda kidogo. Gereza kuu la Bukavu, lililojengwa kwa ajili ya watu wapatao 500, kwa miaka lilibeba zaidi ya mara tatu yao, na aliyesahauliwa humo, mara nyingi wa kumuulizia faili lake alikuwa stajieri. Februari 2025, waasi wa M23 walipokuwa wanaingia mjini, wafungwa walitoka wenyewe, bila remizi.)

Lakini faida tamu iko nyumbani. Tangu siku ya kiapo mtaa mzima unamwita Maître: muuza makaa, mashangazi, mwenye pikipiki anayemdai. Wakwe nao wamesikia, na kwa kabila la Bashi cheo kama hicho kinahesabiwa kwa ng'ombe wa mahari. Wazee wameketi, pombe ya kasiksi imezunguka, idadi imetajwa. Mhandisi angetoroka kwa mlango wa nyuma. Kijana wetu anasimama, anarekebisha koti, anakohoa.

"Baba zangu waheshimiwa, patroni wangu hayupo, na faili bado halijakamilika…"

"Remizi ya mwisho, Maître," anamkatiza mzee mmoja, karani mstaafu wa mahakama. "Na uongeze ng'ombe mmoja, wa gharama za kesi."