Notisi ya Siku 90 ya Kusudio la Kutumbukia

Kwa: Mwenye Mtaro
Nakala: Mwanasheria Mkuu wa Serikali
Keko, 1 Januari

Mheshimiwa,

Sheria inamtaka anayekusudia kuishtaki Serikali atoe kwanza notisi ya siku 90, na tangu 2020 halmashauri nazo zimeingia kwenye kinga hiyo. Nimeona ni uungwana kuileta mapema, mguu ungali mzima. Siku zikitimia masika yatakuwa yameingia, maji yamefunika barabara pamoja na shimo la mtaro wako usio na mfuniko, nami nitapita na kochi kichwani kama fundi yeyote wa huku, nitumbukie nikiwa nimefuata taratibu zote.

Wakili wako atauliza chanzo. Ni mvua? Ni kijana aliyevunja mfuniko kutafuta nondo? Ni mnunuzi wa vyuma chakavu aliyempimia? Au ni mimi, kwa kuwa na miguu? Kisha atanukuu kesi ya Barnett ya Uingereza. Alfajiri ya Mwaka Mpya wa 1966 walinzi watatu walikunywa chai iliyokuwa na sumu, wakaenda hospitali, daktari hata hakuwatazama, akaagiza warudi nyumbani. Mmoja akafa. Mahakama ikasema uzembe ulikuwepo, ila haukumuua: hata angetibiwa, sumu ingemmaliza.

Kwa hiyo wakili wako hana haja ya kukana uzembe. Athibitishe tu kwamba mfuniko ukiwekwa Jumatatu, Jumatano uko kwenye mzani wa vyuma chakavu. Kadiri mtaa unavyoibiwa, ndivyo wewe unavyozidi kukosa hatia. Wezi wetu wanakukatia bima, Mheshimiwa, na hawajawahi kukudai ada.

Hilo likikwama atakimbilia Marekani, kwa Jaji Learned Hand, ambaye mwaka 1947, katika kesi ya tishari lililofunguka bandarini New York, aliweka hesabu: zidisha uwezekano wa ajali kwa ukubwa wa hasara, kama kinga ingegharimu pungufu ya hapo na hukuiweka, umezembea. Hesabu safi. Shida ni bei ya mguu. Mguu wa Masaki una hati ya mshahara. Mguu wa fundi wa Keko hukisiwa, na sijaona makisio yaliyowahi kumpendelea fundi. Basi mfuniko uleule, kwa saruji ya bei ileile, kule unakuwa wajibu na huku anasa. Nani kasababisha tutabishana baadaye. Kwanza inaulizwa nani ana bei gani.

Silalamiki. Naomba tu hesabu iwe kamili: weka na kochi, weka vijana wangu watakaokaa bila kazi, weka na mteja atakayerudi kudai advansi yake.

Ukipenda tumalizane nje ya mahakama, nitapokea mfuniko. Uwe hauna nondo, ili usiibwe. Utavunjika, najua, lakini hapo angalau chanzo kitajulikana.

Wako,
Mdai mtarajiwa