Siri Iliyopanda Treni

Ukibisha hodi kwetu utaulizwa, "Nani?" Utajibu, "Mimi!" Na mlango utafunguliwa. Mimi nalipwa mshahara ili jambo hilo lisitokee. Natunza swichi za mtandao wa kuhifadhia data, zile zinazounganisha seva na madiski kwa nyaya za faiba. Huko, swichi ngeni ikisema "mimi" tu, inalala nje.

Utaratibu wenyewe wa swichi kutambuana, DH-CHAP, ni wa kiungwana. Kila swichi ina siri yake na inaijua ya mwenzake, lakini siri hiyo haipiti kwenye waya. Ya kwanza inatoa namba ya kubahatisha. Ya pili inaichanganya na siri, inatwanga, inarudisha ilichotwanga. Ya kwanza nayo inatwanga kivyake. Vikilingana, karibu ndani. Kisha zamu inageuka. Mdukuzi aliyejibanza katikati anaambulia kisamvu, na kisamvu hakijawahi kurudi kuwa majani.

Basi nikiwa likizo Kisaki kwa bibi yangu, dogo wa ofisini akapiga simu kutoka Dar: swichi mpya imegoma kuungana na ya zamani. Sauti ilikuwa ikikatika. Nikasogea huku na huku nikitafuta mtandao, nikajikuta chini ya mwembe karibu na stesheni ya TAZARA, wasafiri wanasubiri treni, akina mama wamepanga ndizi.

"Mkubwa, nitajie siri upya."

"M ya Mvuha, ndogo!"

"Ya mvua?"

"Mvuha! Haidhuru, ni M ileile! Saba! K ya Kisaki, kubwa! Alama ya mshangao!"

"Ya nini?"

"Ya mshangao!"

Stesheni nzima ikanigeukia. Niliporudia mara ya tatu, muuza ndizi mmoja akanigusa bega: "Baba, mwanzo ulisema saba, sasa umesema tisa." Mzee aliyekaa juu ya gunia akatikisa kichwa kumuunga mkono. Septemba 1916 askari wa Afrika Kusini, upande wa Waingereza, walipigana hapahapa Kisaki na askari wa von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na sidhani kama kuna mlinzi wa upande wowote aliyelitangaza neno la siri kwa sauti kama yangu.

Na bado swichi ikagoma. Tulihangaika nusu saa ndipo nikagundua kosa. Nilikuwa nikisema "siri yetu" na "siri ya wenzetu" nikiwa nimesimama, kwa mawazo, kwenye swichi ya zamani niliyoizoea. Dogo alikuwa ameketi mbele ya ile mpya. "Yetu" yangu kwake ilikuwa ya wenzetu. Akazigeuza, zikaungana. Wakati huohuo treni ikaingia, wasafiri wakapanda na ndizi zao na siri yangu. Reli ile ina kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi. Sina shaka ilifika Zambia salama.

Jioni nikarudi nyumbani. Nikiwa bado uani nikamsikia bibi akiongea na simu.

"Umepata ajali? Pole, mume wangu. Unataka hela? Sawa. Mjukuu wangu yupi wewe? Wa Dar? Haya, niambie, ulipokuja mara ya mwisho ulikimbizwa na nini?"

Kimya kidogo.

"Mbwa? Pole sana, mwanangu. Hapa hatufugi mbwa."

Akakata. Kumbe ni jogoo, na aibu hiyo sijaisahau. Juzi tapeli mwingine alikuwa ameulizwa kovu langu liko mguu gani. Bibi habadilishi siri, anabadilisha swali, na jibu halitoki kinywani mwake hata siku moja. Hajawahi kuiona swichi, lakini katika watu wawili wa nyumba ile, mtaalamu wa usalama hakuwa mimi.

Nikakohoa mlangoni. "Hodi!"

"Nani?"

"Mimi, bibi. Shikamoo."

Nilitegemea kuulizwa habari za jogoo. Lakini muuza ndizi alikuwa ameshapita.

"Mimi nani?" akauliza, mkono kwenye komeo. "Saba au tisa?"