Neno Lisilo na Nasaba

Maulamaa wa Kiingereza, ambao aghalabu hawalikaribishi neno barazani mwao mpaka limtaje babu yake Mrumi au Myunani, walipotoa huko Marekani mwaka 1934 toleo la pili la kamusi kuu ya Webster, walimpa makazi humo, pasi na kujua, mgeni aitwaye dord, wakamfasiri kwa utulivu kuwa ni msongamano wa maada. Asili yake ilikuwa kikaratasi cha mwaka 1931, ambamo mhariri wa kemia alieleza kuwa D kubwa au d ndogo ni kifupisho cha msongamano. Na kwa kuwa “au” kwao ni or, herufi zikashikamana, na kikaratasi kikatiwa katika kasha la maneno badala ya lile la vifupisho. Mwaka 1939 ndipo mhariri mmoja alipotanabahi kwamba mgeni hana nasaba. Hata hivyo mgeni huyo hakutoka kabisa mpaka 1947. Nasi tusiwacheke sana, maana wapo miongoni mwetu waheshimiwa ambao cheo chao hakina dalili nyingine ila kwamba kimekwisha kupigwa chapa.