Waraka kwa Watunza Makaburi: Matanga Yetu Hayajaanuliwa

Kwa Waheshimiwa Makamishna,
Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola.

Waheshimiwa,

Asubuhi hii nimetoka kwenye makaburi mnayoyatunza kando ya Barabara ya Ali Hassan Mwinyi, hapa Dar es Salaam, na kabla ya neno lolote nawashukuru. Nyasi zimekatwa, mawe yamepangwa kama askari kwenye gwaride. Nilichuchumaa mbele ya jiwe moja nikapitisha kidole kwenye herufi zilizochongwa: cheo, jina, tarehe ya kufa. Ni kijana wa watu aliyefia mbali na kwao. Miaka zaidi ya mia imepita na bado yupo mtu anayelipwa kumpalilia. Hivyo ndivyo maiti anavyostiriwa. Kazi mnaijua, na ndiyo sababu nawaandikia nyinyi.

Kila tarehe 11 Novemba, saa tano kamili asubuhi, Uingereza na nchi nyingi za Jumuiya ya Madola hunyamaza dakika mbili. Ni saa ambayo bunduki za Vita vya Kwanza vya Dunia zilinyamaza Ulaya mwaka 1918. Mwaka uliofuata Mfalme George wa Tano akawataka raia wake waache kila kitu wawakumbuke waliokufa. Tume yenu, iliyoundwa mwaka 1917, ilikuwa na umri wa miaka miwili, na ilikuwa imejifunga kwa sharti jema kabisa: kila aliyekufa akumbukwe kwa jina lake, bila kubagua cheo, rangi wala dini.

Huku kwetu saa tano ile haikunyamazisha kitu. Kamanda Lettow-Vorbeck na jeshi lake la Kijerumani walikuwa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, na habari za Ulaya zilimfikia tarehe 13. Silaha aliziweka chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala, tarehe 25 Novemba. Siku zote hizo wapagazi waliobebeshwa mizigo ya majeshi walikuwa wangali njiani, mizigo kichwani. Mnapotualika tusimame nanyi tarehe 11, tunasimama. Ila jueni kwamba siku hiyo mnayosimama nyinyi, watu wetu walikuwa bado wanatembea.

Na walitembea kwa sababu nchi ilikuwa ya mbung'o. Farasi, nyumbu na ng'ombe walikufa, ikabaki shingo ya binadamu. Upande wa Waingereza peke yake uliandikisha wapagazi karibu milioni moja, wengi wakiwa wamekamatwa kwa nguvu, na hesabu za serikali zenyewe zinakiri vifo zaidi ya 95,000. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu, na ugali ulioliwa haujaiva kwa sababu safari haikungoja moto.

Vita vilipokwisha, Gavana wa Tanganyika, Horace Byatt, alitaka makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam na ya kwingineko, yaachwe yarudi pori haraka. Gavana wa Gold Coast, Ghana ya leo, Gordon Guggisberg, alidai kwamba mwenyeji wa kawaida asingelielewa wala kulithamini jiwe la kaburi. Tume iliyojifunga kutobagua ikakubaliana nao. Mwaka 2021 ripoti mliyoiagiza wenyewe iliyasema haya bila kuficha, nanyi mkaomba radhi. Muungwana akivuliwa nguo huchutama. Mlichutama, nasi tuliona. Lakini kuchutama si kuvaa.

Mwenyeji asingeelewa? Kwetu mjukuu hupewa jina la babu ili jina lisizikwe na mwili. Kwenye hitima marehemu hutajwa kwa jina lake na la mzazi wake, ili dua ijue inakokwenda. Aliyepotelea safarini bila habari huacha msiba usio na mlango wa kutokea: mke hajui kama ni mjane, mama hajui kama alie. Watu wa desturi hizi ndio walioambiwa hawajui maana ya jiwe.

Pale Mtaa wa Samora imesimama Sanamu ya Askari tangu mwaka 1927. Maandishi yake, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, yaliandaliwa na mshairi Mwingereza Rudyard Kipling. Yanawataja wapagazi, kisha yanaahidi kwamba anayekufa akiipigania nchi yake, wanawe watalikumbuka jina lake. Nimeizunguka sanamu ile mara nyingi. Ahadi ya majina imechongwa kwa lugha tatu. Jina la mpagazi halipo hata moja.

Jina lililobaki ni la kambi yao. Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi, ilipita kwenye ndimi za watu ikawa Kariakoo, na Nairobi ikawa Kariokor. Juzi, Mtaa wa Kongo, nilimwona kijana ameweka ngata kichwani, mwenzake akimtwika gunia. Magoti yalitetemeka kidogo, yakanyooka, akaingia kwenye umati akipaza sauti apishwe. Hajui anapita kwenye kambi ya nani. Hilo ni kosa letu sisi, maana hatua chache kutoka pale, Mnazi Mmoja, tuliweka mkuki na ngao Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, miaka mingi, bila kumwambia. Sitawatwika nyinyi mzigo wa kwetu.

Wa kwenu ni huu. Mwaka 2025 mlizindua Cape Town kumbukumbu yenye majina zaidi ya 1,700 ya Waafrika waliotumika katika vikosi vya kazi. Kumbe majina hupatikana yakitafutwa. Basi msituletee mnara mwingine wa kuwashukuru wote kwa jumla. Kila daftari la wapagazi mnalolipata, lifungueni, liandikeni kwa Kiswahili, lipelekeni wilayani na vijijini walikokamatwa watu hao, lisomwe mbele ya wazee. Pale daftari lilipopotea, waulizeni wenye kubeba majina ya mababu wasiorudi. Na tarehe 25 Novemba njooni Kariakoo tunyamaze pamoja, kisha ukimya huo uvunjwe kwa majina, moja baada ya jingine, hata kama yatatuchukua mpaka jioni.

Mkeka tumeutandika. Leteni majina, tuanue matanga.

Wasalaam,
Mkazi wa Dar es Salaam