Inazunguka Tu

Watu wanaotengeneza tovuti za simu hufanya kazi hiyo kwenye kompyuta. Tena kompyuta za skrini mbili, moja imelazwa na nyingine imesimamishwa, na intaneti ya waya ya ofisini isiyojua neno bando. Simu yenyewe huitoa mfukoni wakitaka kuita bajaji au kumjibu shemeji. Nasema haya bila kinyongo. Mimi ni katibu wa kikundi cha watu hao hapa Dar es Salaam, na mihtasari ya vikao vyote ninayo.

Zamani kikundi kilikuwa na tovuti yake. Watu walifundishana humo jinsi ya kupunguza uzito wa picha, jinsi ya kuunganisha malipo ya simu, na mteja gani halipi. Baadaye likaja kundi la WhatsApp, tovuti ikabaki yatima. Mwenzetu aliyesajili kikoa kwa barua pepe yake binafsi akapata kazi nje ya nchi, ilani za kulipia zikawa zinaingia kwenye sanduku ambalo hakulifungua tena, na muda ulipokwisha jina likarudi sokoni. Siku tulipokumbuka kwenda kuchungulia, tukakuta jina letu, lilelile tulilolipigia kura kwa mizengwe, linauza mikeka ya mpira. Mwenyekiti hakuumia kwa kupoteza jina. Aliumia kwa sababu mikeka ilifunguka haraka kuliko tovuti yetu ilivyowahi kufunguka.

Ikaundwa kamati ya uzinduzi mpya, na kamati ikaanzia kwenye rangi. Kijani kikakataliwa kwa sababu ambazo Mtanzania haelezwi. Bluu ikafuatana nacho kwa sababu hizohizo upande wa pili. Njano ikaleta mambo ya Jangwani, nyekundu ikaleta ya Msimbazi, na zambarau ilipotajwa mjumbe mmoja akauliza kama tunatafuta ubaya na mtu. Tukatoka na kijivu. Msanifu aliyelipwa kwa kazi ya rangi alisema ni kijivu chenye utulivu, mweka hazina akamwomba asirudie neno hilo akikumbuka kiasi alicholipwa. Kazi yenyewe ya kuijenga tovuti ina mistari miwili katika muhtasari.

Ndani ya kamati tulikuwa na wazee, yaani watu wa miaka arobaini na kitu, ambao kila hoja huirudisha walikotoka. Wao walianza enzi za WAP, intaneti ya simu za zamani, ukurasa mzima ukiwa maneno machache meusi na picha ikiwa anasa. Wanakumbuka Opera Mini ilipofunguliwa kwa dunia nzima Januari 2006: seva za mbali zinaubana ukurasa kwanza, ndipo unatumwa simuni, na kitochi kikaweza kusoma gazeti. Wanakumbuka pia kila kampuni ilipokuwa na tovuti mbili, moja ya wakubwa na nyingine ya simu yenye herufi m mwanzoni mwa anwani, na habari za ile ya pili daima zilikuwa za mwaka jana. Mei 2010 Mmarekani Ethan Marcotte akaandika makala kuhusu ukurasa mmoja unaojinyoosha na kujikunja kufuata upana wa skrini, na mambo ya herufi m yakaanza kufifia. Kwa hiyo kila kijana alipopendekeza tujaribu kwanza tovuti kwenye simu za bei ya chini, wazee walimjibu kwamba hayo yalishakwisha tangu 2010.

Uzinduzi ulifanyika Kijitonyama, kwenye ukumbi mdogo wa ghorofa ya pili, na mgeni rasmi kutoka ofisi nisiyoitaja. Mshereheshaji akatuomba wote tutoe simu, tufungue tovuti kwa pamoja, moja, mbili, tatu.

Nusu ya ukumbi ilipiga makofi. Nusu nyingine ilisoma “Tunakuja Hivi Karibuni.”

Asubuhi ileile kijana wa seva alikuwa amehamisha tovuti kutoka seva ya majaribio kwenda seva kubwa. Jina la tovuti hugeuzwa kuwa namba na kompyuta za mitandao ya simu, nazo hulitunza jibu kwa muda uliopangwa ili zisiulize kila mara. Muda tuliokuwa tumepanga ulikuwa sekunde 86,400, yaani saa 24 kamili. Mtandao ambao wateja wake hawakuwahi kuliuliza jina letu ulipata namba mpya. Ule ambao mwenyekiti alikuwa akiutumia kuionyesha tovuti kwa fahari tangu juzi uling'ang'ania ya zamani. Upande wa kushoto wa ukumbi ukaanza kuomba hotspoti upande wa kulia. Upande wa kulia ukauliza kwa nini hawakujiunga.

Waliobahatika kuiona nao waliona maandishi madogo kama sisimizi. Simu, isipoambiwa vingine na mstari mmoja mfupi ulio kichwani mwa ukurasa, hudhani ukurasa umeandikwa kwa ajili ya kompyuta. Hujifanya ina upana wa pikseli 980 hivi, kisha hubana kila kitu kiingie kiganjani. Desturi hiyo ilikuja na iPhone ya kwanza mwaka 2007, na wakati huo ilikuwa na maana, kwa kuwa tovuti nyingi hazikuijua simu. Mstari wetu ulitoweka usiku wa kuamkia uzinduzi, wawili walipokuwa wanarekebisha faili moja kwa wakati mmoja. Kila mmoja mpaka leo ana hakika ni mwenzake. Mgeni rasmi alivaa miwani, akaivua, akaifuta, akaivaa tena, kisha akatupongeza kwa tovuti yenye taarifa nyingi.

Mwenyekiti akainuka kuokoa jahazi. Simu yake ilikuwa imehifadhi nakala ya siku za majaribio, maana tovuti za siku hizi huweka ndani ya kivinjari programu ndogo inayotoa kilichohifadhiwa hata mtandao ukikatika, na ya kwake ilikuwa mtiifu kupita kiasi. Akasoma kwa sauti ya jukwaani: “Kichwa cha habari hapa. Maelezo mafupi, maelezo mafupi, maelezo mafupi.” Watu wakadhani ni kaulimbiu. Wakashangilia.

Nyuma ya ukumbi alikuwa mama lishe wa chini ya jengo, amekuja na pilau. Mkononi alikuwa na simu yake yenye kioo kilichopasuka. Kijana mmoja akamsogelea.

“Shikamoo, mama. Hebu nifungulie na wewe.”

“Marahaba.” Akabonyeza. Akasubiri. Akapakua sahani kadhaa, akarudi kutazama. “Inazunguka tu, mwanangu.”

Ilizunguka kwa sababu juu kabisa ya ukurasa kamati iliweka video ya droni ikipita juu ya Daraja la Kigamboni, MB 100 na ushee, ijicheze yenyewe bila kuombwa. Pilau ilipokuwa inaisha, ujumbe ukaingia kwenye simu yake. Akausoma, akatuangalia mmoja mmoja.

“Bando langu lote limeliwa na daraja.”

Mweka hazina alimlipa palepale na kuandika “gharama za utafiti wa watumiaji.” Ni matumizi pekee ya mradi mzima ambayo hayajahojiwa na mtu. Video ilitolewa jioni ileile, mstari uliopotea ukarudishwa, na ikapitishwa kwamba hakuna kitakachopanda kwenye tovuti kabla hakijafunguka kwenye simu ya mama akiwa jikoni kwake, ambako mtandao hufika kwa kusitasita. Wazee walipinga kidogo wakitaja 2010, kisha wakala.

Mama hakutaka posho ya kazi hiyo. Alitaka vyakula vyake vya siku viwekwe humo, bei pembeni, na namba ya kuagiza. Ukurasa wake hauna picha hata moja na hufunguka kabla hujamaliza kubonyeza. Sasa unasomwa kuliko kurasa zetu zote zikijumlishwa, zikiwemo zile za wazee kuhusu WAP. Katika ripoti ya robo mwaka kwa wafadhili, mweka hazina ameandika kwamba ushiriki wa jamii umepanda sana, hasa kati ya saa sita na saa nane mchana.